Jina la Baba Mkwe

...na huyu madam naye anangoja, ameweka kalamu chini, ameinamisha kichwa kidogo upande kama mtu anayengoja mtoto ameze dawa, si mtu mbaya, la, Wayua hawezi kusema ni mbaya, amemletea chai, amemkorogea sukari mwenyewe, amemwambia mlango haujafungwa na ufunguo, ukitaka kutoka unatoka, na sasa anauliza tena kwa upole uleule, "Wayua, ni nani? Nitajie jina lake," na Wayua anafungua mdomo, na ulimi unabaki palepale chini, hauinuki, woi, ulimi gani huu jamani, ni jina tu, jina ambalo watu wanalitaja kutwa nzima, linaitwa sokoni, linaitwa kanisani wakati wa matangazo, wanawake wa shambani wanalipigia kelele kutoka mstari hadi mstari wakiishiwa na mifuko, na yeye peke yake katika Kiboko nzima hawezi kulitoa, simu ya madam Waithera imelala mezani inarekodi, kitaa chake chekundu kinapepesa, itarekodi nini hiyo, itarekodi Wayua akimeza mate, itarekodi malori ya barabara ya Mombasa yakipunguza mwendo pale kwa matuta... "Polepole tu," anasema madam Waithera, "hakuna anayekukimbiza," lakini yuko anayemkimbiza, si alisema mwenyewe alipoketi, ametoka ofisi kuu Nairobi, anarudi leo, asipopata jina kesi inafungwa, hawezi kumsimamisha mtu kazi kwa sababu ya mtu asiye na jina, na kesho asubuhi yule mtu atakuwa ndani ya mahindi kama kawaida, ameshika kijiti chake, anapiga mluzi, na kwenye mstari ambao ulikuwa wa Wayua sasa kuna yule msichana mpya kutoka Nuu, Kasyoki, mtoto wa juzi, bado anavaa sweta ya shule kazini, Kasyoki ambaye jana alimuuliza wakinawa mikono, "Dada, huyu bosi ni mtu wa aina gani, mbona anapenda kusimama karibu karibu," na Wayua akamwambia nini, akamwambia vaa sweta yako vizuri, ndiyo jibu alilokuwa nalo, vaa sweta, Mungu amsamehe.

Wiki iliyopita alijaribu, haki ya Mungu alijaribu, alikalia kiti hikihiki, madam akauliza jina, Wayua akasema ana jina la baba mkwe wangu, akadhani amemaliza, akadhani hapo ameruka mto, na madam akaandika, akainua macho, "Sawa, na baba mkwe wako anaitwaje?" na Wayua akacheka, akajifunika uso na leso akacheka, kile kicheko cha aibu ambacho hakina raha ndani yake hata kidogo, lakini madam, mtu wa Nyeri, atajuaje, aliona mwanamke ameshikwashikwa kazini anacheka, akaandika tena, muda mrefu, na Wayua akaitazama ile kalamu ikitembea akajua inaandika kile kicheko... na hata alipopewa kalamu, basi andika, alishika karatasi akaanza herufi ya kwanza na mkono ukasimama, kwa sababu kuandika ni kutaja kwa mkono, kuna tofauti gani, na aliposema ni msimamizi wetu madam akatikisa kichwa, wasimamizi wa upande wa mbegu ni wawili, mmoja ni Mulwa, mtu wa watu, mzee wa kanisa, baba wa mapacha, "Siwezi kubahatisha nikamchafulia jina asiye na kosa, na siwezi kukuwekea jina mdomoni, watasema mimi ndiye niliyekufundisha, lazima litoke kwako," na ana haki, ndiyo maana inauma, kila mtu hapa ana haki yake isipokuwa ulimi. Nthoni, ndivyo wanavyoiita kwao, ile heshima yenye aibu ndani yake, mwanamke akiolewa jina la baba wa mume wake linatoka mdomoni mwake kama jino, halirudi, si kwa furaha, si kwa hasira, hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha, aliona tu mama yake kule Nuu, mama ambaye maisha yake yote alimwita jirani yao, wajina wa baba mkwe wake, "yule mwenye jina," hata siku nyumba ya jirani iliposhika moto mama alikimbia njia nzima akipiga kelele, yule mwenye jina, anaungua, yule mwenye jina, na watu wakauliza nani, nani, na mama anarukaruka tu... walicheka baadaye, moto ukishazimwa, walicheka mpaka mwenye nyumba akacheka. Pasta amesema kanisani hizo ni mila, si dhambi, mtu aliyeokoka hafungwi na jina, na Wayua ameokoka, anaimba kwaya, sauti ya tatu, ameitikia amina kwa nguvu kabisa, ila ulimi wenyewe haukuwa umeokoka siku hiyo.

Na mtoto je, mtoto wake mwenyewe, wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, ndivyo ilivyo, kwa hiyo amemzaa, amemnyonyesha, amekesha naye na meno, na hajawahi kumwita jina lake hata mara moja, anamwita Kababa, baba mdogo, kliniki nesi akiuliza mtoto anaitwaje Wayua anasukuma kadi, imeandikwa hapo, "Mama hujui jina la mtoto wako?" na akina mama wote kwenye benchi wanaangalia miguu yao wanabana vicheko, maana wao wanajua, wote wana Kababa wao nyumbani... Kababa yuko nje sasa, pale getini, amepakatwa na babu yake chini ya kibanda cha mlinzi, amevalishwa ile kofia ya sufu na jua hili lote, amevalishwa na bibi yake, Kaveke, mama mkwe wa Wayua, anaogopa upepo, upepo gani Kiboko, na kupitia dirisha Wayua anaona bega la mzee tu, koti la kanisani, lile la kijivu, alilivaa tangu asubuhi na leo si Jumapili. "Chai inapoa," anasema madam Waithera. Wayua anashika kikombe. Hanywi.

Kwa sababu, na hili ndilo linalomchoma, hili hawezi kulieleza hata kwa chai ya sukari, yeye ndiye aliyempa yule mtu heshima ambayo haikuwa yake. Siku ya kwanza pale shambani alisimama mbele yao akajitambulisha, akataja jina lake, na Wayua akasikia jina la mzee likitoka kwa kijana wa viatu vya ngozi, akainamisha macho, hakufikiria, macho yaliinama yenyewe kama yanavyoinama nyumbani, na tangu siku hiyo wenzake wote wanamwita kwa jina, hata wasichana wadogo, wanamwita kwa kelele na mizaha, yeye tu anamwita bosi wangu, kwa sauti ya chini, macho chini, angemwitaje basi, na yule mtu akaona nini... akaona kile alichotaka kuona, akajisemea huyu ananitaka, akaanza kupita kwenye mstari wake mara kwa mara, akaanza kusema mbele ya watu, huyu peke yake ndiye ananipenda, ana jina lake la kunibembeleza, na sasa Wayua anaambiwa hilo ndilo atakalojitetea nalo, amekwisha kuwaambia watu, mwulizeni mbona aniite bosi wangu kama mimi ni mbaya, mwulizeni, na watu watasema kweli alikuwa anamwita hivyo, sisi tulisikia. Heshima ya baba mkwe imemwangukia mjinga yule, na mjinga ameiokota akaitia mfukoni. Akifikiria hapo anasikia hasira, hasira tamu kabisa, ingekuwa hasira inataja majina angekuwa amemaliza zamani, lakini hasira nayo haijui jina, inasema tu yule, yule, yule.

Na kazi yenyewe, madam anaijua kazi yenyewe? Aliulizwa, "Kwa nini hukumsukuma?" hapana, hakuuliza madam, aliuliza yule bwana wa stoo, mdomo wake mrefu, na Wayua alitaka kumshika mkono ampeleke kwenye mahindi amwoneshe, ona, kazi ya mbegu si kupanda na kuvuna tu, unafunika mbelewele za mhindi huu kwa mfuko wa karatasi, asubuhi unautikisa, unga unadondoka ndani, ule unga wa manjano, halafu unaubeba kwa mikono miwili kama unabeba mtoto wa ndege, unaupeleka kwa hindi lingine ambalo limetoa ndevu, unafunua, unamwaga polepole, unafunika haraka kabla upepo haujaleta unga wa mahindi mengine, na ukimwaga chini, ukigusanisha tu, mstari mzima umeharibika, na mwenye mstari anaenda nyumbani, basi yule mtu alikuwa anakuja hapo, hapo kabisa, wakati mikono imejaa, anatokea nyuma bila sauti, mahindi yamekupita kichwa na hakuna anayekuona, na mkono wake unakuja kiunoni, unapanda, na wewe umesimama umeshika unga wa kampuni kwa mikono yako yote miwili... hakumsukuma, ni kweli, aliogopa kumwaga. Siku aliyomwaga, siku aliyoachia mfuko ukaanguka akamgeukia akamwambia bosi wangu mimi ni mke wa mtu, jioni ileile alitolewa kwenye mstari, akapelekwa kubeba magunia, na kontrakti aliyoahidiwa ikapotelea hewani. Alimwambia mume wake, Mutisya, kwa simu, yuko Mombasa kwa ujenzi, akangoja matusi, akangoja ulimchekea nini, na badala yake akamsikia Mutisya analia, mwanamume mzima amekaa juu ya matofali ya watu huko analia, akasema sema, mke wangu, wasipokusikia mimi nitakusikia. Anampenda Mutisya. Hajamwambia siku nyingi.

"Wayua, nikukumbushe," anasema madam Waithera, anasogeza kiti, "sheria iko na wewe. Kuna sheria ya kazi. Hakuna mtu anaruhusiwa kukufuta kwa sababu umeshtaki, hata kukuhamisha haruhusiwi, na ile ya magunia nimeiandika pia, hiyo peke yake ni kosa," na Wayua anaitikia, ndiyo madam, anasikia, ameyaona hayo, yamebandikwa ukutani karibu na choo, Kiingereza kitupu, yamebanduka pembe moja, walikuwa wanapanga foleni hapo kila siku wakiyaegemea kwa mgongo... sheria iko na yeye, ni vizuri sana, sheria na ije basi imshikie ulimi, "Tena si wewe peke yako unayelindwa," madam anasema, "ni hata atakayekuja baada yako," na hapo Wayua anamwona Kasyoki, sweta ya shule, mikono imejaa unga.

Na yule mtu hakohoi. Ndilo jambo la kwanza alilomwambia Kaveke, kati ya yote hayo ndilo lililomtoka, anakuja bila kukohoa, na Kaveke akaelewa saa hiyohiyo, maana baba mkwe wa Wayua hajawahi kuingia uani tangu Wayua aolewe bila kukohoa kwanza kule kwa mlango wa kuku, kikohozi kikubwa cha uongo, mtu hana ugonjwa wowote, anakohoa ili mke wa mwanawe ajue, kama ananyonyesha ajifunike, kama amekaa vibaya akae vizuri, kama analia afute macho, anampa nafasi, kisha ndiyo anaingia, na akikuta Wayua anakula muthokoi yake anajifanya amesahau kitu nje, anatoka, ili ashibe bila kuonewa aibu. Hawajawahi kushikana mkono. Wakati wa ukame mitungi ya maji ilikuwa inakutwa mlangoni kwa Wayua asubuhi, imejaa, na punda alikuwa mgonjwa wakati huo, kwa hiyo ni mgongo wake mwenyewe. Akitaka kumwambia jambo anamwambia Kababa, mwambie mama yako mvua inakuja aanue ndengu, na Kababa anakaa palepale kati yao anatafuna kidole, hajui kusema mvua wala ndengu, na Wayua anamwambia Kababa, mwambie babu asante. Mtu kama huyo. Na jina ni lilelile. Mungu aliona nini kuwapa hawa wawili jina moja, mmoja anakohoa kutoka mbali na mwingine... na ndiyo sababu pia, ndiyo, hiyo ndiyo sababu ambayo hajaisema hata kwa Kaveke, si mila tu, ni kwamba akilitaja humu ndani, kwa mara ya kwanza maishani mwake, litakuwa limetajwa kwa uchafu, litaingia kwenye simu ya madam likiwa na mkono ule kiunoni, na mzee ni msafi jamani, mzee ni msafi, na Kababa naye ni mtoto.

Jumatano ile ya wiki iliyopita, aliporudi baada ya kushindwa, Kaveke alimuuliza, "Ulisema?" akasema sikuweza kumtaja, "Kwa nini?" na Wayua aliangalia tu kile kiti cha mzee pale uani, kitupu, na Kaveke akaangalia kiti, akaangalia Wayua, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini na ungo wake, halafu kicheko kikageuka, akafuta macho na ncha ya leso, akasema ai, mwana wangu, umefungwa na sisi wenyewe. Na lazima alimwambia mzee, maana leo alfajiri koti la kanisani lilikuwa linapigwa pasi, na mzee akapanda pikipiki nyuma yake, yeye ambaye anachukia pikipiki, Kababa katikati, na walipofika getini akamchukua Kababa akamgeuza uso watazamane, akamwambia, "Mwambie mama yako yule mbuzi mwenye doa mgongoni ni wake, kuanzia leo," na lori likapita hapo, la makontena, likafunga breki kwa kelele, mzee akaendelea kusema na Wayua akaona midomo inatembea, akasikia mwisho tu, "...wa mdomo wake," na akajisemea maskini mzee, jua limempata, leo siku kama hii anazungumzia mbuzi, akaingia ndani mbio kwa sababu madam alikuwa amefika. Mbuzi. Yule mwenye doa, bora kuliko wote, ana mimba... mbuzi wa nini...

Ngoja. Kaveke na ungo. Kaveke akipepeta ndengu akimsimulia habari za mama yake, jinsi alivyougua wakati wa mvua na barabara imekatika, hakukuwa na mwanamume pale ila mkwe wake, na mkwe hawezi kumgusa mama wa mke wake, ni mwiko, hata kumtazama hawatazamani, mama anakufa ndani na mkwe amesimama nje mvua inampiga, mpaka akaenda zizini akatoa mbuzi, akamfunga mlangoni kwa mgonjwa, akasema mbuzi huyu ni wa kufungua nthoni, na ikafunguliwa, akaingia, akambeba mgongoni mpaka lami, "Alimbeba kama mtoto," alisema Kaveke, "mama yangu aliishi miaka mingine mingi baada ya hapo, anamwita kwa jina lake bila kuficha," na Wayua alisikia akasahau, habari za kale, hakuuliza hata huyo mkwe alikuwa nani, ataulizaje, lakini Kaveke ni binti pekee kwao, na aliolewa mara moja tu... ni yeye. Ni mzee. Ni huyo aliyekaa hapo getini na koti la kijivu. Mbuzi ni wa mdomo wake. Alikuwa anamwambia Kababa amwambie mama yake kwamba mdomo wake umefunguliwa, umelipiwa, ametoa yule mwenye doa, yule mwenye mimba, na yeye alidhani ni jua, ai, Wayua wewe, mzee amepanda pikipiki na roho yake mkononi kuja kukupa jina lake na ukamwacha akiongea na lori! Anasikia macho yanajaa, na yajae, hafuti, haoni aibu, ulimi unafunguka polepole kama kamba ambayo mtu mwingine ameshika upande wa pili anakufungulia, jina ni lake basi, amepewa, si la yule mtu tena, yule mtu amelibeba tu kama alivyobeba heshima isiyo yake, wenye jina ni wale wawili nje, na akimtaja hatakuwa amewachafua, atakuwa amewatenganisha naye.

Chai bado inatoa moshi kidogo. Kalamu iko palepale. "Ni nani, Wayua?" anauliza madam Waithera, na pale nje, kule getini, mtu mzima asiye na ugonjwa wowote anakohoa, kikohozi kikubwa cha uongo, mimi niko hapa, na Wayua anainua macho yake, anamtazama madam usoni.

"Kilonzo," anasema. Sauti yake mwenyewe inamshangaza, si ndogo. "Anaitwa Kilonzo, supavaiza wa mbegu. Lakini andika vizuri, madam, kuna Kilonzo wengine wawili wako hapo nje getini, wamenileta, wananingoja, hao usiwachanganye na yeye."